Ukipuliza kipima ulevi barabarani, mashine inapima nini hasa?

Msimu wa korosho ukifika, barabara ya Newala kwenda Masasi inabadilika. Malori yanashuka kutoka Uwanda wa Makonde yakiwa na magunia, bodaboda zinapishana na Noah zilizojaa abiria, na wakulima waliolipwa baada ya mnada wana hela mfukoni. Msimu huohuo mabibo nayo yameiva. Yanakamuliwa, yanachacha, yanakuwa uraka. Ukiuchemsha uraka na kuukusanya mvuke wake, unapata nipa, gongo la mabibo. Yaani pesa, pombe na magari vinakutana kwenye miezi ileile, kwenye barabara ileile yenye kona na miteremko.

Sasa fikiria gari ulilopanda limesimamishwa na trafiki. Dereva macho mekundu, anajibu taratibu, ulimi mzito. Abiria mmoja anasema, "Huyu kalewa." Mwingine anasema, "Huyu hajalala tangu jana." Wa tatu anasema, "Huyu anaumwa." Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, na wote watatu wanaweza kuwa wamekosea. Afande anatakiwa kuamua ndani ya dakika chache. Akimwachia mlevi, mko hatarini nyote. Akimkamata mgonjwa, amemwonea mtu anayehitaji daktari.

Ndiyo maana kuna kipimo cha barabarani. Lakini kipimo hicho kinapima nini? Na je, jibu lake linaweza kumfunga mtu? Tuanze na sheria, halafu tuingie kwenye kemia.

Makosa mawili, siyo moja

Watu wengi hudhani kosa ni moja tu, yaani "kuendesha ukiwa umelewa". Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) ina makosa mawili yanayofanana kwa mbali, ila yanathibitishwa kwa njia tofauti kabisa.

Kosa la kwanza ni kuendesha ukiwa umeathiriwa na pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hapa swali ni hali yako. Ushahidi unaweza kuwa namna gari lilivyokuwa likiyumba, namna ulivyoshuka, na kile alichokiona daktari. Mashine si lazima.

Kosa la pili ni kuendesha ukiwa na pombe kwenye damu kuzidi kikomo kilichowekwa. Kikomo chetu ni miligramu 80 za pombe kwenye kila mililita 100 za damu. Hapa swali ni namba. Unaweza kuwa umesimama wima kama mnazi na unaongea vizuri kuliko wakili, ukizidi 80 umeshavunja sheria.

Sheria haibagui chombo. Basi, lori, Noah, pikipiki, vyote ni vyombo vya moto. Bodaboda anayepandisha abiria kijijini saa 3 usiku yuko chini ya sheria ileile na dereva wa basi la Dar es Salaam.

Kwa kawaida upimaji unakwenda kwa hatua. Polisi akiwa na sababu ya kushuku, anakutaka upulize. Pumzi ikionyesha pombe nyingi, inafuata sampuli ya damu au mkojo kwa ajili ya maabara. Kwa hiyo mashine ya barabarani ni mlango tu. Kazi yake kubwa ni kuamua nani aendelee na safari na nani aende hatua ya pili.

Pombe inafikaje kwenye pumzi?

Pombe ya kunywa, iwe ya bia, uraka au mvinyo, ni kemikali moja inayoitwa ethanoli. Ethanoli inapenda sana maji. Ikishuka tumboni na kufika kwenye utumbo mwembamba, inapenya kuta, inaingia kwenye damu, na kusambaa kila palipo na maji mwilini. Ubongo una maji mengi na damu nyingi, kwa hiyo unafikiwa haraka.

Huko ubongoni ethanoli inazidisha nguvu ya ishara za "tulia" na kupunguza zile za "amka". Sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili inapoa. Kasi ya kuitikia jambo inashuka. Tufanye hesabu ndogo: ukiwa kwenye spidi ya kilomita 60 kwa saa, unasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari limeshakwenda mita 8 zaidi. Mita 8 ni upana wa barabara ya njia mbili, pamoja na mtoto aliyekuwa akivuka.

Damu hiyohiyo inapita kwenye mapafu. Kwenye mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta kati ya kifuko na damu ni mwembamba mno. Ethanoli ni kimiminika kinachogeuka mvuke kirahisi, hivyo sehemu yake ndogo inahamia kwenye hewa. Uhamaji huu una kanuni: kwenye joto lilelile, kiasi cha pombe hewani kinalingana na kiasi kilichomo kwenye damu. Damu ikiwa na mara mbili, na hewa ya kifukoni ina mara mbili.

Vipimo vingi vinatumia uwiano wa 2,100 kwa 1. Maana yake, mililita 2,100 za hewa ya ndani ya mapafu zina pombe sawa na iliyomo kwenye mililita moja ya damu. Mashine inapima hewa, inazidisha, inakupa makadirio ya damu. Zingatia neno hilo: makadirio. Mashine haijaiona damu yako.

Ndani ya mashine

Wazo la kupima pumzi lina umri wa karibu miaka mia. Nchini Marekani, Robert Borkenstein alitengeneza kipima ulevi cha kubebeka mwaka 1954. Kilitumia kemikali ya rangi ya manjano, dikromati ya potasiamu, ambayo ikikutana na pombe inageuka kuwa ya kijani. Kadiri kijani kilivyozidi, ndivyo pombe ilivyokuwa nyingi. Uingereza ilipopitisha sheria ya mwaka 1967 iliyoweka kikomo cha miligramu 80, madereva walianza kupulizishwa mrija wenye kemikali za namna hiyo na mfuko wa hewa mwishoni.

Vifaa vingi vya mkononi vya siku hizi vina kitu kinachoitwa seli ya fueli. Ndani yake kuna vipande viwili vya madini ya platinamu. Pombe ikigusa kipande kimoja inageuka kuwa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na wakati wa kugeuka inaachia elektroni. Elektroni zikitembea ndiyo umeme. Pombe kidogo, umeme kidogo. Pombe nyingi, umeme mwingi. Mashine inasoma umeme na kuandika namba. Kwa maneno mengine, kinachowasha ile mashine ni uraka wako mwenyewe.

Seli ya fueli ni nzuri kwa sababu haidanganywi kirahisi na asetoni, ile harufu ya matunda inayoweza kutoka kwenye pumzi ya mgonjwa wa kisukari au mtu aliyekaa na njaa muda mrefu. Vile vipimo vya bei rahisi vinavyouzwa kama vya kuning'iniza kwenye funguo vingi havina seli hiyo, vinatumia kihisio kingine kinachoweza kuchanganya mambo. Usijipime kwa hicho ukajiona uko salama.

Mizani lazima ianze sifuri

Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa habari ya mizani. Anajua kwamba kabla gunia halijawekwa, mshale uwe kwenye sifuri. Anajua kwamba mizani isiyokaguliwa inaweza kumla kilo kila gunia. Kipima ulevi ni mizani, na maswali ni yaleyale.

Kwanza, kabla hujapuliza kisome sifuri. Kikisoma namba nyingine, kuna pombe ya mtu aliyetangulia iliyobaki ndani.

Pili, mrija wa kupulizia uwe mpya kwa kila mtu. Hii ni kwa ajili ya afya yako na kwa ajili ya usahihi pia.

Tatu, kiwe kinalinganishwa mara kwa mara na hewa au myeyusho ambao kiasi chake cha pombe kinajulikana. Platinamu huchoka na kihisio huzeeka. Mashine iliyokaa kabatini miaka bila kulinganishwa inatoa namba inayopendeza macho tu.

Nne, na hili ndilo linasahaulika zaidi: pombe ya mdomoni. Ukinywa funda ukapuliza papo hapo, mashine inasoma pombe iliyolowanisha ulimi na mashavu. Namba inaruka juu hata kama damu haina kitu. Hata kucheua au kutapika kunaweza kuirudisha pombe ya tumboni mdomoni. Dawa ya kusukutulia yenye pombe inafanya hivyohivyo. Bibo lililoanguka na kuanza kuchacha chini ya mti nalo linaweza kuacha chembechembe. Ufumbuzi ni rahisi na hauna gharama: kusubiri dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, halafu kupima. Mate yanausafisha mdomo, na kinachobaki kusomwa ni hewa ya mapafu.

Tano, joto la mwili. Hesabu ya mashine inachukulia kuwa pumzi inatoka ikiwa na nyuzi 34 hivi. Ukiwa na homa, tuseme ya malaria, pombe inavukizwa zaidi. Kila nyuzi moja ikipanda, namba inaweza kupanda kwa asilimia 6 hadi 7. Homa haiwezi kumgeuza mtu asiyekunywa kuwa mlevi, maana sifuri ukiizidisha inabaki sifuri. Lakini aliye karibu na mpaka inaweza kumvusha.

Na wale wanaodhani wana ujanja wa kupuliza? Kupumua harakaharaka kabla ya kupima kunashusha namba kidogo, kubana pumzi kunaipandisha. Ndiyo maana utasikia "puliza, puliza, puliza, usiache". Afande hakutesi, anaitafuta hewa ya mwisho ya ndani kabisa, ile iliyokaa jirani na damu. Pipi, vitunguu na karafuu vinabadilisha harufu tu. Mashine haina pua.

80 ni chupa ngapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila mara, na sayansi ina hesabu yake. Ilitengenezwa na Msweden Erik Widmark miaka ya 1930. Unachukua gramu za pombe, unagawa kwa uzito wa mtu uliozidishwa na kigawo kinachotokana na maji ya mwili wake. Kwa mwanaume kigawo ni kama 0.68, kwa mwanamke kama 0.55, kwa sababu kwa wastani mwili wa mwanamke una maji kidogo zaidi kwa kila kilo.

Chukua bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5. Ndani yake kuna karibu gramu 20 za ethanoli. Mwanaume wa kilo 70 akiinywa yote kwa mkupuo, damu yake inafika kama miligramu 40 kwa mililita 100. Chupa mbili, kama 80. Yuko mpakani. Mwanamke wa kilo 55 anafika kama 65 kwa chupa moja, na chupa mbili zinampeleka 130.

Hizi ni namba za wastani. Chakula tumboni kinachelewesha, ini la mmoja ni kali kuliko la mwingine, na mtu akinywa polepole ini linakuwa limeshaondoa sehemu. Lakini angalau bia ina lebo, unajua unaanzia wapi.

Uraka hauna lebo. Hamira za asili zilizomo zinaendelea kula sukari ya mabibo na kutoa pombe saa baada ya saa. Uraka wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, na uleule jioni umekuwa mkali, sukari imegeuka kilevi. Kata ni ileile, mnywaji ni yuleyule, dozi ni tofauti. Nipa ndiyo kabisa, nguvu yake inategemea moto wa mpishi, mrija wake na mahali alipoamua kuacha kukinga. Mwingine ataongeza maji, mwingine hataongeza. Hakuna hesabu ya Widmark inayoweza kuanza bila gramu, na hapa gramu hazijulikani. Dereva anayekwambia "mimi najua kiasi changu" anazungumzia mazoea yake, na mazoea yanaficha dalili bila kupunguza kilichomo kwenye damu.

Saa inayokimbia

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, hasa kwa barabara kama yetu. Ini huondoa pombe kwa mwendo wa karibu sawasawa, kiasi cha miligramu 15 kila saa. Kwa wengine 10, kwa wengine 20 na kidogo. Haiharakishwi na kahawa, supu ya pweza, maziwa wala maji ya baridi. Kahawa inakuamsha macho tu, pombe inabaki palepale.

Kuna matokeo mawili. La kwanza ni asubuhi. Mtu amekunywa mpaka saa 8 usiku na damu imefika 180. Analala, anaamka saa 12 asubuhi kuwasha gari. Saa nne zimepita, zimeondoka 60, zimebaki 120. Amelala, ameoga, amekunywa supu, anajiona mzima, na bado yuko mbali juu ya kikomo. Abiria wa basi la alfajiri wanapaswa kuijua hesabu hii kuliko mtu yeyote.

La pili ni ushahidi. Tuseme ajali imetokea saa 2 usiku kwenye kona za kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi. Dakika ileile damu ya dereva ina 100. Watu wanaokoa majeruhi kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Gari la polisi linafika. Dereva naye ana jeraha, anapelekwa hospitali. Saa 5 usiku ndipo damu inachotwa. Saa tatu zimekula 45. Maabara itasoma 55, chini ya kikomo.

Je, dereva ni safi? Mtaalamu anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Akitumia mwendo wa 10 kwa saa anapata 85, akitumia 20 anapata 115. Pande zote mbili ni juu ya 80, hivyo hoja inasimama. Lakini kama maabara ingesoma 45, hesabu ingetoa kati ya 75 na 105. Hapo upande mmoja uko ndani ya sheria, na shaka humfaidi mshtakiwa. Kuna ugumu mwingine pia: kama alikunywa funda la mwisho dakika kumi kabla ya ajali, pombe ilikuwa bado tumboni, damu ilikuwa bado inapanda. Hesabu ya kurudi nyuma inaweza kumwonea.

Unaona basi umuhimu wa kupuliza palepale, na saa iandikwe. Namba ya barabarani hata kama ni makadirio, ndiyo iliyo karibu zaidi na tukio. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi inawekwa lami, na lami inafupisha safari ya kwenda hospitali. Inaongeza pia spidi ya yule aliyekunywa. Kipimo kisipokuwepo barabarani, tutakuwa tumeongeza kasi ya tatizo bila kuongeza kasi ya ushahidi.

Damu nayo ina mambo yake ikishachotwa. Ngozi isafishwe kwa dawa isiyo na spiriti, maana spiriti ni pombe na inaweza kuchafua sampuli. Chupa iwe na floridi ya sodiamu, kemikali inayozuia vijidudu kufanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu damu ina sukari. Ukiiacha kwenye joto bila kinga, vijidudu vinaweza kuichachusha kama mabibo kwenye ndoo, vikatengeneza pombe ambayo dereva hakuinywa, au vikaila ile aliyoinywa. Safari ya sampuli kutoka wilayani hadi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni ndefu, kwa hiyo inahitaji chupa sahihi, ubaridi, lakiri, na karatasi inayoonyesha nani aliishika na saa ngapi.

Mashine inaponyamaza: bangi, dawa na ugonjwa

Kipima pumzi kinajua pombe tu. Dereva aliyevuta bangi, au aliyemeza vidonge vya maumivu vikali ili akeshe na usukani, atapuliza na mashine itasoma sifuri. Sifuri hiyo haimaanishi yuko salama.

Kwa nini kusiwe na namba ya bangi kama ilivyo 80 ya pombe? Kwa sababu kemikali ya bangi inayolevya, THC, haipendi maji, inapenda mafuta. Baada ya kuvuta, kiwango kwenye damu kinapanda haraka na kushuka haraka, huku ubongo ukiwa bado umeathirika. Mabaki yake yanajificha kwenye mafuta ya mwili na yanaweza kuonekana kwenye mkojo kwa siku nyingi, hata wiki kwa mvutaji wa kila siku. Kwa hiyo mkojo unaweza kumkamata mtu aliyevuta wiki iliyopita na leo ni mzima kabisa. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza mwaka 2004 kupima mate ya madereva barabarani. Mate yanaonyesha matumizi ya karibuni zaidi kuliko mkojo, ila bado hayasemi mtu amelewa kiasi gani.

Hapa ndipo lile kosa la kwanza, la kushindwa kulimudu gari, linapobeba mzigo. Polisi wa nchi nyingine hutumia majaribio ya kutembea kwenye mstari na kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja, na kufuata kalamu kwa macho. Mlevi wa pombe macho yake hurukaruka akitazama pembeni, na hilo halizuiliki kwa ujanja. Lakini mtu mwenye goti bovu atashindwa mguu mmoja, na mzee atayumba kwenye mstari wa vumbi.

Kuna jambo zito zaidi. Sukari ikishuka sana kwa mgonjwa wa kisukari, anayumba, anatoka jasho, anajibu ovyo. Malaria kali inapofika ubongoni, mtu anaongea yasiyoeleweka. Jeraha la kichwa baada ya ajali linafanana na ulevi mtupu. Dereva anayeonekana kalewa huku mashine inasoma sifuri au namba ndogo ni mgonjwa wa dharura mpaka daktari aseme vinginevyo. Kumlaza mahabusu "apate usingizi" kunaweza kumuua.

Namba bila sheria, sheria bila namba

Jirani zetu Kenya walitupa somo. Walileta kanuni za kipima ulevi mwaka 2011, na "alcoblow" ikawa neno la kila mtu Nairobi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikazitengua kwa kuwa zilikuwa zinagongana na sheria mama ya barabarani. Mashine zilikuwa zinafanya kazi, ila namba haikuwa na mahali pa kusimama kisheria. Kwetu namba imo kwenye sheria. Tunachohitaji ni mashine, mafunzo na rekodi zinazofika hadi wilayani, siyo kwenye miji mikubwa tu.

Na je, 80 yenyewe inatosha? Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa vijana na wanaoanza. Sababu ni kwamba hatari haianzi kwenye 80. Inaanza chini yake na kupanda kwa kasi kadiri namba inavyokua. Kwenye 80 uwezekano wa kupata ajali umeshazidi mara mbili ya ule wa mtu ambaye hajanywa. Kikomo cha sheria ni mahali serikali inapoanza kuadhibu. Usikisome kama kibali cha kunywa mpaka hapo.

Ukisimamishwa, au ukiwa shuhuda

- Angalia mashine isome sifuri kabla hujapuliza, na mrija uwe mpya.
- Kama umekunywa, umecheua au umetapika sasa hivi, sema, na omba dakika 15. Ni ombi la kisayansi, si ubishi.
- Uliza namba imeandikwa kwa kipimo gani. 0.08, 80 na 0.38 zinaweza kuwa kitu kilekile: ya kwanza ni gramu kwa mililita 100 za damu, ya pili ni miligramu kwa mililita 100 za damu, ya tatu ni miligramu kwa lita moja ya pumzi.
- Kama una kisukari, kifafa au homa, sema mapema.
- Usidhani kukataa kupuliza kunakuokoa. Kosa la kwanza halihitaji mashine.
- Kama wewe ni abiria na dereva amekunywa uraka kwenye kituo cha mapumziko, mwambie akiwa bado amesimama. Akishaanza kushuka mteremko hakuna kipimo kitakachokusaidia.
- Kama umekuta ajali, okoa watu kwanza. Halafu tazama saa na uiandike, hata kwenye simu. Dakika hiyo ndiyo mtaalamu ataihitaji akianza kuhesabu kurudi nyuma.